Madoa Meupe ya Mwezi wa Tatu

Pwani ya Rumonge, mgongo ukiuma haumshtui mtu. Wanaume wa huko wamebeba mikungu ya michikichi tangu utoto, wamekamua mawese kwa mikono, wamevuta nyavu za ndagala usiku kucha, wamepakua mizigo ya maboti yanayotoka Kigoma na Uvira. Mtu wa miaka sitini na ushei akilalamika kiuno, atapakwa mawese ya moto na kukandwa, au atapelekwa kuoga maji moto ya Mugara. Wengi hupona hivyo, maana wengi ni misuli tu iliyochoka.

Mzee ninayetaka kumsimulia hakuchoka misuli. Ni mzee wa mfano. Sikumtoa kwa mtu mmoja anayejulikana, na ndiyo maana sitampa jina. Lakini kila hatua ya ugonjwa wake ni hatua ambayo madaktari wa saratani wanaifahamu, na kosa lililomponza linaweza kufanywa kesho na familia yoyote yenye akili timamu na mapenzi makubwa kwa baba yao.

Tumpe maisha ya watu wa rika lake. Alikuwa kijana mwaka 1972, machafuko yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili. Akavuka kwenda Tanzania, akalima na kuoa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, akarudi baada ya mwaka 2008, serikali zilipofungua njia ya kurejea. Alipata tena sehemu ya shamba la michikichi la baba yake baada ya mashauri marefu. Shamba hilo likumbukwe, maana litaingia katika hesabu.

Maumivu yake yalikuwa na tabia zake. Yalizidi usiku alipolala, wakati mgongo uliochoshwa na kazi ndipo hupumzika. Hayakupungua kwa kuacha kubeba mizigo. Alikuwa amekonda, na kwa zaidi ya mwaka alikuwa akiamka mara nyingi kukojoa, mkojo ukitoka kwa shida, jambo ambalo hakumwambia mtu kwa sababu mzee hasemi hayo mbele ya wanawe. Mkandaji alimkalisha, akambonyeza pingili kwa gumba mpaka akapiga kelele. Hapo palikuwa na hatari ambayo hakuna aliyeijua: pingili iliyoliwa na saratani inaweza kuvunjika chini ya mkono wa mkandaji.

Binti yake ndiye aliyempeleka Bujumbura, kama kilomita 75 kwa barabara ya RN3 inayofuata ukingo wa ziwa. Wakafikia kwa shemeji wa mzee, mtaa wa Buyenzi. Kipimo cha damu cha PSA kilikuwa juu mno. Kipande cha nyama kilichotolewa kwenye tezi dume kilithibitisha saratani, na skana ikaonyesha madoa katika pingili za mgongo na katika nyonga. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye tezi na kuingia mifupani.

Njia hiyo saratani ya tezi dume huifuata mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba ugonjwa haukutawanyika ovyo mwilini. Ulichagua viungo fulani na kuviacha vingine. Nusu karne baadaye, mwaka 1940, Oscar Batson wa Marekani alionyesha mtandao wa mishipa ya damu unaounganisha nyonga na uti wa mgongo, usio na vali za kuzuia damu kurudi nyuma. Kwa hiyo seli zikitoka kwenye tezi, mgongo uko karibu na mlango uko wazi. Ndani ya pingili zinakuta uboho wenye damu nyingi, zinatulia, zinaanza kuamuru mfupa uvunjwe hapa na ujengwe pale.

Daktari aliwaeleza mambo mawili kwa uwazi. Saratani iliyofika mifupani haiondoki kabisa, lakini inaweza kulazwa kwa muda mrefu, na mtu akaishi miaka akitembea na kula vizuri. Dawa ya kuilaza ni kuinyima homoni ya kiume. Charles Huggins wa Chicago aligundua hilo mwaka 1941 na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Unaweza kuondoa korodani kwa upasuaji mara moja tu, au kuchoma sindano zinazozizuia kutengeneza homoni. Mzee alikataa upasuaji. Akachagua sindano ya kila miezi 3, akapewa na vidonge vya kutangulia, kwa kuwa sindano hizo hupandisha homoni kwa wiki chache za mwanzo kabla ya kuishusha, na mgongo mbovu hauwezi kubeba kupanda huko.

Daktari aliomba na kitu cha tatu: kabla ya sindano ya kwanza, mzee apigwe picha ya IRM, yaani kipimo cha sumaku, ya mgongo na nyonga, ili iwepo picha ya mwanzo ya kulinganishia. Familia ikauliza bei, ikatazamana, ikasema itarudi. Haikurudi. Si kwa uzembe: walikuwa wamekwisha kuuza kipande cha shamba kwa ajili ya skana, kipimo na sindano, na walijiuliza kwa haki kabisa kwa nini mtu alipie picha ya pili ya ugonjwa ambao picha ya kwanza imekwisha kuuonyesha.

Sindano ilifanya kazi. Katika wiki ya tatu mzee alilala usiku mzima. Mwezi wa pili alishuka ufukweni mwenyewe kutazama mitumbwi ikirudi, akanunua samaki wa mukeke, akabishana bei. Mwezi wa tatu akaenda Bujumbura kwa sindano ya pili, na kwanza akapigwa skana ya kufuatilia.

Ripoti iliandikwa kwa Kifaransa, kama kawaida ya hospitali za Burundi, na jioni ile sebuleni Buyenzi aliyepewa kuisoma ni mpwa wake, kijana aliyesoma hadi sekondari.

"Mjomba," alisema, na sauti ikamshuka, "wameandika madoa yameongezeka. Yalikuwa matano. Sasa wamehesabu kumi na moja, na yale ya zamani yamekuwa meupe zaidi."

"Lakini mimi nalala, mwanangu," mzee akajibu. "Zamani nilikuwa silali."

"Dawa imepoza maumivu, shemeji, ugonjwa unatembea chini kwa chini," akasema mwenye nyumba. "Tumeuza shamba ili kununua usingizi?"

Binti alikaa kimya. Mkononi alikuwa na karatasi nyingine, ya damu, ambayo haikusomwa na mtu kwa sababu ilikuwa na namba tupu: PSA imeshuka hadi sehemu ndogo sana ya ile ya mwanzo. Na ripoti yenyewe ilikuwa na mstari wa mwisho ambao mpwa hakuufikia, au aliufikia moyo ukiwa umeshavunjika. Daktari wa picha alikuwa ameandika kwamba weupe huo unaweza kuwa ni mfupa unaopona, na kwamba aombewe IRM kabla ya uamuzi wowote.

Sindano ya pili haikuchomwa. Asubuhi wakapanda basi kurudi Rumonge.

Niseme sasa kwa kirefu yale madoa meupe yalikuwa nini, kwa sababu hapo ndipo mzee alipopotelea.

Skana na eksirei haziioni saratani iliyomo ndani ya mfupa. Zinaona chokaa ya mfupa: mahali ilipopungua pana weusi, mahali ilipozidi pana weupe. Eksirei ya kawaida ni butu hata katika hilo. Mfupa unaweza kupoteza theluthi moja au zaidi ya madini yake kabla haijaonyesha chochote. Sasa dawa ikiua seli za saratani, mfupa unaanza kujijenga upya mahali palipokuwa pameliwa, na ujenzi huo ni chokaa mpya, na chokaa mpya ni weupe. Doa lililokuwa dogo au hafifu kiasi cha kutoonekana katika picha ya kwanza linajitokeza katika ya pili kwa sababu linapona. Watu wa Rumonge waliona jambo la namna hii kwenye nyumba zao, ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 2020 na kula kuta za karibu na maji: maji yaliporudi nyuma na watu wakaziba nyufa kwa saruji, ukuta uliojaa viraka vibichi ulionekana umeharibika kuliko ulipokuwa na nyufa zenyewe. Mpita njia anayehesabu viraka angesema nyumba hii inaanguka.

Kipimo kingine cha mifupa, kile cha kuchoma dawa yenye mionzi kidogo mshipani na kutazama inakokusanyika, kina udhaifu huohuo, na pengine zaidi. Dawa ile inakwenda kwenye mfupa unaojengwa. Katika miezi 3 ya kwanza ya tiba inayofanya kazi, mifupa inaweza kuwaka kuliko mwanzo. Wataalamu wa tezi dume walilijua hilo kiasi cha kuliwekea sheria mwaka 2008, wakairudia mwaka 2016: madoa mapya ya picha ya kwanza baada ya kuanza tiba hayatoshi kusema ugonjwa umeendelea, lazima picha inayofuata ionyeshe mengine mapya mawili au zaidi juu ya yale. Mzee wetu hakufika kwenye picha inayofuata.

Hata vigezo vya kimataifa vya kupima kama uvimbe umepungua, vile vya RECIST vilivyotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2009, vinakiri kwamba mfupa ni mgumu kuupima. Uvimbe wa ini au wa pafu unapimwa kwa milimita kutoka ukingo hadi ukingo. Saratani ya mfupa, isipokuwa ile iliyotoa nyama nje ya mfupa, imewekwa katika kundi la visivyopimika. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake wote uko mifupani, maana yake ni kwamba rula ya kawaida haimfai.

IRM inatazama kitu tofauti kabisa. Haitumii eksirei wala mionzi. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kusikiliza chembe za hidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili. Uboho wa mtu mzima umejaa mafuta. Katika namna moja ya kupiga picha, ile madaktari wanayoiita T1, mafuta hayo yanang'aa. Saratani ikiingia inayafukuza mafuta na kukaa mahali pake, na pingili inageuka nyeusi. Dawa ikifanya kazi, mafuta yanarudi. Mara nyingi yanaanza kurudi pembeni, yakilizunguka doa jeusi kwa duara jeupe, kisha yanaingia ndani. Weupe wa IRM hapo ni mafuta yaliyorudi nyumbani, wala hauhusiani na weupe wa chokaa unaoonekana kwenye skana. Hili familia nyingi hazielezwi, na karatasi mbili zenye maneno yanayofanana zinaleta habari zinazopishana.

Namna ya pili ya IRM inapima jinsi maji yanavyosogea kati ya seli. Uvimbe ulio hai umebanana seli tele, maji hayapati nafasi ya kwenda. Seli zikifa na kupasuka nafasi inafunguka, maji yanatembea, na kompyuta inaweza kulipa tendo hilo namba. Mjapani Taro Takahara na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba picha ya aina hiyo inaweza kupigwa mwili mzima mgonjwa akipumua kama kawaida, na tangu hapo mlango ulifunguka. Mwaka 2017 kundi la wataalamu likiongozwa na Anwar Padhani wa Uingereza lilitoa utaratibu wa kusoma IRM za saratani ya tezi dume iliyotawanyika, MET-RADS-P, ambamo kila eneo la mwili linapewa alama ya 1 hadi 5: 1 maana yake karibu hakika tiba inafanya kazi, 3 hali haijabadilika, 5 karibu hakika ugonjwa unaendelea. Uzuri wake ni kwamba unaruhusu ukweli wa mifupa: pingili moja inaweza kupona wakati nyingine, katika mgongo uleule, inakaidi dawa.

Si kila mgonjwa anahitaji mwili mzima. Frédéric Lecouvet na wenzake wa Louvain, Ubelgiji, wamefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba kwa saratani ya tezi dume, IRM ya mgongo na nyonga peke yake inakamata sehemu kubwa ya ugonjwa wa mifupa, kwa kuwa ndiko unakopenda kukaa. Kwa mtu anayetoka Rumonge na hesabu ya franga mkononi, tofauti hiyo si ndogo, na ni halali kumwuliza daktari: je, mgongo na nyonga vitatosha?

Nirudi kwa mzee.

Sindano ya miezi 3 haiishi nguvu siku ile muda wake unapokwisha. Ilimbeba wiki kadhaa zaidi, na familia ikaona uamuzi wao ulikuwa sahihi: dawa imeachwa, na baba bado yu mzima. Alikunywa mizizi, akaombewa, akaenda tena maji moto. Kisha homoni ikarudi taratibu, na saratani nayo. Maumivu yalianza katikati ya mgongo, juu ya yale ya zamani, yakamzunguka kifuani kama mkanda uliokazwa. Alipokohoa yalimchoma. Baada ya wiki mbili akasema miguu mizito. Akajikwaa kizingitini. Binti yake akamnunulia mkongojo.

Ningependa kila msomaji ashike sentensi hizo tano za mwisho. Mtu mwenye saratani iliyofika mifupani akipata maumivu kama mkanda kifuani, miguu kulegea, ganzi ya makalio au mapaja, au mkojo kugoma, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Pingili imeanza kuukandamiza ugwe wa neva unaopita ndani yake. Mwongozo wa Uingereza unataka IRM ya mgongo mzima ifanyike ndani ya saa 24. Anayefika hospitali akiwa bado anatembea, kwa kawaida huendelea kutembea baada ya tiba. Aliyekwisha kupooza siku kadhaa, mara chache hurudishiwa miguu. Mkongojo kwa mwenye dalili hizo ni kupoteza muda.

Kwa mzee zilipita siku nne. Siku ya kwanza alianguka kwenda msalani. Ya pili walisubiri kaka yake atoke Nyanza-Lac. Ya tatu gari lilipatikana, petroli haikupatikana. Burundi ilikuwa katika ule uhaba wa mafuta uliopanga magari foleni usiku na mchana. Ya nne walifika Bujumbura, na kibofu kilikuwa kimejaa bila yeye kusikia.

IRM ambayo familia haikuilipia mwanzoni sasa ilifanyika. Kwanza aliulizwa kama ana chuma mwilini, swali ambalo katika nchi iliyopita vitani tangu mwaka 1993 si la kupuuzwa; kipande cha risasi au cha bomu kilichobaki karibu na jicho au mshipa kinaweza kusogezwa na sumaku. Hakuwa nacho. Picha ikaonyesha pingili nyingi nyeusi, mbili zimebonyea, na nyuma ya moja ugwe wa neva umebanwa mpaka umekuwa kama uzi. Alianzishiwa dexamethasone kupunguza uvimbe, dawa ya bei nafuu iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sindano ya homoni ikarudishwa. Kilichobaki ni tiba ya mionzi, ambayo dozi moja tu ya gray 8 mara nyingi hutuliza maumivu ya mfupa sawasawa na dozi nyingi. Burundi iliingia miaka ya 2020 bila mashine ya tiba hiyo. Kigali ina kituo cha saratani katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka ya nchi kavu na Rwanda. Ikabaki Tanzania: Bugando huko Mwanza au Ocean Road huko Dar es Salaam. Mzee aliyekimbilia Tanzania kwa miguu yake ujanani alivushwa mpaka wa Mugina akiwa amelazwa kiti cha nyuma.

Kabla ya safari, daktari wa Bujumbura aliziomba picha zote za zamani. Binti akazitoa, maana alikuwa amezitunza. Daktari akaziweka skana mbili bega kwa bega kwenye kioo, ile ya kabla ya sindano na ile ya mwezi wa tatu, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mama," akamwambia, "haya sita mliyoyaona mapya hayakuwa mapya. Tazama hapa katika ya kwanza: mfupa una kivuli hafifu palepale. Ulikuwa ni ugonjwa wa tangu mwanzo, na hapa ulikuwa unapona. Na damu yake inasema vivyo hivyo."

"Kwa hiyo dawa ilikuwa inamsaidia baba?"

"Ilikuwa inamsaidia."

Sijui njia ya kulisema jibu hilo likaumiza kidogo. Daktari aliyelainisha angemdanganya, na binti angebaki bila kitu cha kumwongoza katika maamuzi yaliyokuwa yanamsubiri.

Mionzi ilituliza maumivu. Miguu haikurudi. Sindano ziliendelea, na baada ya miezi michache mzee alipigwa IRM nyingine, kwenye mashine ileile ya Bujumbura na kwa mpangilio uleule. Safari hii palikuwa na cha kulinganisha. Pingili zilizopigwa mionzi zilikuwa zinang'aa, zimejaa mafuta, kama zinavyofanya baada ya mionzi. Katika nyonga madoa meusi yalikuwa yamepata duara jeupe. Doa moja la kiunoni lilikuwa jeusi katika kila namna ya picha, na hapo binti akaogopa. Lakini doa ambalo maji hayabanwi ndani yake na halina mafuta linaweza kuwa ni mfupa uliokauka ukawa mgumu kama jiwe, na ndivyo daktari alivyolisoma, akisaidiwa na PSA iliyokuwa inashuka tena.

IRM nayo ina mitego yake, na asiyeisema anamwuzia mgonjwa imani badala ya kipimo. Pingili iliyovunjika karibuni kwa sababu nyingine inavimba maji na kuonekana kama ina saratani. Sindano za kuongeza chembe nyeupe za damu, ambazo hupewa baadhi ya wanaotibiwa kwa kemikali, zinaamsha uboho na kufukuza mafuta kwa muda, hata msomaji asiyejua akadhani ugonjwa umeenea. Upungufu mkubwa wa damu hufanya hivyo pia. Mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili tofauti za mwendo wa maji kwa mgonjwa yuleyule. Na saratani zenyewe hazifanani: ya tezi dume hupenda kujenga mfupa, ya figo na ya dundumio hupenda kuula, ya titi hufanya yote mawili. Ndiyo maana picha husomwa pamoja na damu, pamoja na jinsi mgonjwa anavyojisikia, na pamoja na orodha ya dawa alizopata na tarehe zake. Pale Buyenzi vitu hivyo vyote vilikuwepo sebuleni: PSA mkononi mwa binti, usingizi wa mzee, tarehe ya sindano kwenye kadi. Kilichokosekana ni mtu wa kuvikutanisha, na usiku mmoja wa kusubiri hadi hospitali ifunguliwe.

Ningeshauri kwa wanaoanza safari hii leo kwamba fedha zikiwa chache, IRM ya kabla ya dawa ipewe nafasi mbele ya ya baadaye, kwa sababu ya baadaye inaweza kusubiri na ya kabla haiwezi kurudiwa. Kama hata hiyo haipatikani, ichukuliwe mapema iwezekanavyo baada ya kuanza. Sahani ya picha idaiwe pamoja na karatasi. Karatasi ni maoni ya msomaji mmoja, sahani ndiyo ushahidi ambao msomaji mwingine anaweza kuutazama upya. Na hakuna sindano inayoachwa kwa sababu ya ripoti iliyosomwa nyumbani, hata kama msomaji ni mjuzi wa Kifaransa kuliko wote ukoo mzima.

Upande wa hospitali nao una lake. Fomu ya kuomba IRM ikiandikwa maumivu ya mgongo tu, mpiga picha atapiga kiuno peke yake, na msomaji atatafuta diski iliyotoka mahali pake. Binti alipokwenda kuomba ya tatu alisimama dirishani mpaka ikaandikwa yote: saratani ya tezi dume iliyofika mifupani, sindano zilianza lini, zilikatika lini na kurudishwa lini, mionzi ilipigwa pingili zipi, na kwamba picha hii ilinganishwe na mbili zilizotangulia, ambazo alikuwa nazo ndani ya mfuko.